Mwananchi baada ya siku ya kura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ushiriki wa wananchi Ulaya na kwingineko

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaofuatilia siasa za Ulaya, wawe wanaishi huko au wanazitazama kutoka Nairobi, Dodoma au Bukavu. Mifano mingi imetoka Ireland, Ufaransa, Ubelgiji na Uswisi, kwa kuwa ndiko njia hizi zilikojaribiwa kwa muda wa kutosha kuonyesha faida na kasoro zake. Katika kila jibu tumejaribu kueleza ni nani anayelazimika kuwajibu wananchi baada ya kusikilizwa, kwani hapo ndipo ushiriki wa kweli unapotengana na ule wa kupiga picha.

Ushiriki wa wananchi ni kitu gani hasa, kama tayari tunapiga kura?

Kura ya uchaguzi humpa mtu mamlaka ya kuamua kwa niaba ya wengine kwa miaka minne au mitano, lakini haisemi lolote kuhusu sheria fulani ya maji, mpaka wa manispaa au fedha za ujenzi wa shule zitakazojadiliwa katikati ya kipindi hicho. Ushiriki wa wananchi ni jina la jumla la njia zinazomwezesha mtu asiye na cheo kuingilia maamuzi hayo kabla hayajapitishwa, au kuyatengua baada ya kupitishwa. Njia hizo ni pamoja na kura ya maoni, ukusanyaji wa sahihi, mabaraza ya wananchi, bajeti shirikishi, maombi yanayopelekwa bungeni na mikutano ya hadhara. Hakuna hata moja inayoondoa bunge. Zote hulibana bunge lisikilize, ila kwa nguvu zinazotofautiana sana.

Kwa nini nchi zenye mabunge ya siku nyingi zinahangaika na jambo hili sasa?

Kwa sababu wapiga kura walianza kuyapa mabunge hayo kisogo. Uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja wa Bunge la Ulaya, mwaka 1979, ulivuta takriban asilimia 62 ya wapiga kura; kufikia mwaka 2014 walikuwa wameshuka hadi chini ya asilimia 43. Idadi ilipanda tena mwaka 2019 na kubaki karibu asilimia 51 mwaka 2024, jambo lililoleta ahueni, ingawa bado ni nusu tu ya waliokuwa na haki ya kupiga kura. Nchini Ireland, mporomoko wa mabenki wa mwaka 2008 uliwaacha watu wakiamini kwamba tabaka lote la watawala lilikuwa limelala kazini. Nchini Ufaransa, ongezeko la kodi ya mafuta liliwatoa barabarani watu wenye vizibao vya njano kuanzia Novemba 2018, na wengi wao walidai njia ya kusema bila kusubiri uchaguzi unaofuata.

Baraza la wananchi ni nini, na wajumbe wake hupatikanaje?

Ni kundi la watu wa kawaida, kwa kawaida kati ya 25 na 200, wanaoteuliwa kwa bahati nasibu kutoka miongoni mwa wakazi, kisha wakapangwa ili jinsia, umri, eneo na hali ya maisha vilingane na jinsi nchi ilivyo. Hukutana kwa miezi kadhaa, mara nyingi mwisho wa wiki, husikiliza wataalamu na pande zinazovutana, hujadiliana katika vikundi vidogo, kisha hupiga kura juu ya mapendekezo. Baada ya hapo hurudi makwao. Hawana jimbo wala chama, na hawatarajii kuchaguliwa tena.

Wazo la kuteua viongozi kwa bahati nasibu lilitumika Athens ya kale. Katika zama zetu, mfano uliowavutia wengi ulitoka Kanada: mwaka 2004 jimbo la British Columbia liliwaita wananchi 160 kutunga mfumo mpya wa uchaguzi, na mwaka uliofuata pendekezo lao likapata zaidi ya asilimia 57 ya kura za maoni, pungufu kidogo ya asilimia 60 zilizotakiwa. Lilianguka, lakini namna lilivyoandaliwa ikaigwa.

Ireland ilifanyaje mpaka ikawa mfano?

Ilianza kwa tahadhari. Kongamano la Katiba lililokutana kati ya mwaka 2012 na 2014 lilikuwa na wananchi 66, wanasiasa 33 na mwenyekiti mmoja, na kuwachanganya hivyo kulisaidia baadaye, kwa sababu wabunge walioketi meza moja na wauguzi na mafundi hawakuweza kuyatupa mapendekezo kirahisi. Miongoni mwa waliyoyapendekeza ni ndoa za watu wa jinsia moja, ambazo zilipelekwa kwenye kura ya maoni Mei 2015 na kupitishwa kwa asilimia 62.

Baraza lililofuata, la mwaka 2016 hadi 2018, liliwaondoa wanasiasa kabisa: wananchi 99, na mwenyekiti Mary Laffoy, jaji wa Mahakama ya Juu. Suala la kwanza walilokabidhiwa lilikuwa lile ambalo hakuna chama kikubwa kilichotaka kuligusa, yaani ibara ya katiba iliyoingizwa mwaka 1983 ambayo ilizuia utoaji mimba karibu katika hali zote. Walikutana kwa wikiendi tano katika hoteli moja ya Malahide, mji wa pwani karibu na Dublin. Ukumbini waliketi kwenye meza za duara, wachache wachache, kila meza ikiwa na mwezeshaji aliyehakikisha kwamba mwenye sauti kubwa hamfuniki mnyamavu, pamoja na mtu wa kuandika yanayosemwa. Mada za wataalamu zilirushwa moja kwa moja mtandaoni ili yeyote aliye nyumbani azisikie, ila mazungumzo ya mezani hayakurushwa, ili mjumbe aweze kubadili msimamo bila kuaibishwa. Maoni zaidi ya 12,000 yalitumwa na umma. Aprili 2017, asilimia 64 ya wajumbe waliopiga kura walipendekeza utoaji mimba uruhusiwe bila masharti kuhusu sababu, jambo lililowashangaza hata wachambuzi waliodhani nchi bado haijafika huko.

Kamati ya pamoja ya bunge ilichukua mapendekezo hayo na kuyachambua upya, na Mei 2018 wapiga kura wakaiondoa ibara ile kwa asilimia 66.4. Uwiano wa kura za baraza na ule wa kura za nchi nzima ulikaribiana mno, na hilo ndilo lililowashawishi wengi kwamba kundi dogo lililoteuliwa vizuri linaweza kuakisi jamii.

Uteuzi wenyewe haukukosa dosari. Mwanzoni mwa mwaka 2018 iligundulika kwamba wajumbe saba wa kuziba nafasi walikuwa wamepatikana kupitia watu waliofahamiana na mtafutaji wa wajumbe, badala ya kutafutwa nyumba kwa nyumba. Suala la utoaji mimba lilikuwa limeshapigiwa kura, lakini tukio hilo lilionyesha kwamba heshima yote ya baraza hutegemea ile kazi ya kuchosha ya kubisha hodi.

Je, serikali inalazimika kutekeleza linalopendekezwa na baraza?

Kwa kawaida, hapana, na hapa ndipo ahadi nyingi hukwama. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Ufaransa. Rais Emmanuel Macron aliitisha baraza la wananchi 150 kuhusu tabianchi, likafanya kazi kuanzia Oktoba 2019 hadi Juni 2020, na akaahidi kwamba mapendekezo yao yatapelekwa bungeni, kwenye kura ya maoni au kwenye kanuni za serikali bila kuchujwa. Wajumbe walikabidhi mapendekezo 149. Rais alikataa hadharani matatu, likiwemo lile la kupunguza mwendo wa magari kwenye barabara kuu hadi kilomita 110 kwa saa, akasema mengine yatafanyiwa kazi. Sheria iliyotoka Agosti 2021 ilibeba sehemu ya hoja hizo, nyingine zikiwa zimepunguzwa makali. Wajumbe wenyewe walipokutana mwanzoni mwa mwaka huo kuupima mwitikio wa serikali, waliupa wastani wa alama 3.3 kati ya 10. Kosa kubwa, kwa maoni yetu, lilikuwa kuahidi jambo ambalo rais hana uwezo wa kulitimiza peke yake, kwa kuwa sheria hutungwa na bunge na bunge halikuwa limeahidi chochote.

Ireland nayo ilipata pigo kwa namna nyingine. Baraza la usawa wa kijinsia lilipendekeza mwaka 2021 kwamba katiba ibadilishwe ili dola iwe na wajibu wa kuchukua hatua za kuwasaidia wanaohudumia wagonjwa, wazee na watoto majumbani. Serikali iliandika maneno yake, mepesi zaidi, ikisema kwamba dola itajitahidi. Machi 2024 wapiga kura walikataa badiliko hilo kwa karibu asilimia 74, pamoja na lile la tafsiri ya familia kwa karibu asilimia 68. Sababu zilikuwa nyingi na hazitoshi kuelezwa na jambo moja, lakini mtu akisema kwamba wananchi walikataa kazi ya baraza lao, ni haki kumkumbusha kwamba maneno yaliyokuwa kwenye karatasi ya kura hayakuwa ya baraza.

Kuna mahali ambapo baraza ni la kudumu na lina meno?

Mahali panapotajwa zaidi ni padogo: jamii ya wazungumzaji wa Kijerumani mashariki mwa Ubelgiji, yenye manispaa tisa, watu wasiofika 80,000 na bunge lake mjini Eupen. Februari 2019 bunge hilo lilipitisha sheria ya kuanzisha mazungumzo ya kudumu na wananchi. Kuna chombo cha watu 24 wanaokaa miezi 18, ambao huchagua mada na kufuatilia utekelezaji, na kuna mabaraza ya watu kati ya 25 na 50 yanayoitishwa kwa kila mada. Umri wa chini ni miaka 16. Mada ya kwanza ilikuwa mazingira ya kazi ya wauguzi na matunzo ya wagonjwa.

Bunge linapaswa kuyajadili mapendekezo hadharani mbele ya wajumbe walioyatoa, na likikataa pendekezo linatakiwa kueleza sababu. Baadaye wajumbe huitwa tena kuelezwa kilichofanyika. Mtu anaweza kuona hayo ni madogo, lakini ni zaidi ya kile ambacho wajumbe 150 wa Ufaransa walikipata. Brussels nayo ina kamati za mseto ambamo wananchi 45 waliopatikana kwa bahati nasibu huketi na wabunge 15 wa mkoa huo.

Uswisi inapiga kura kila mara. Je, huo si ushiriki kamili?

Uswisi ina uzoefu ambao hakuna nchi nyingine ya Ulaya iliyoufikia. Sahihi 50,000 zikikusanywa ndani ya siku 100, sheria iliyopitishwa na bunge la shirikisho hupelekwa kwa wananchi, nao huweza kuifuta. Sahihi 100,000 ndani ya miezi 18 hutosha kupendekeza badiliko la katiba, ambalo hupita iwapo litaungwa mkono na wingi wa wapiga kura pamoja na wingi wa majimbo. Siku za kura zinaweza kufika nne kwa mwaka. Mapendekezo mengi ya namna hii huanguka, lakini bunge hutunga sheria likijua kwamba kuna mtu anayeweza kuanza kukusanya sahihi kesho yake.

Katika jimbo la Glarus kuna jambo la kupendeza zaidi. Jumapili ya kwanza ya Mei, wapiga kura hukusanyika uwanjani, hunyoosha kadi zao juu, na kiongozi wa jimbo hukadiria wingi kwa macho. Yeyote mwenye haki ya kura anaweza kupanda jukwaani na kupendekeza badiliko papo hapo. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilikuja na pendekezo la kuunganisha manispaa 25 zibaki 10. Mwananchi mmoja akapendekeza zibaki tatu, uwanja ukamkubalia, na mkutano maalumu wa mwaka uliofuata ukauthibitisha uamuzi huo. Manispaa tatu zilianza kazi Januari 2011, na hakuna tume ya wataalamu iliyokuwa imethubutu kwenda mbali kiasi hicho.

Hata hivyo, historia ya Uswisi haimpi mtu sababu ya kuisifu bila kipimo. Wanaume waliopiga kura kwa zaidi ya karne moja waliwanyima wanawake haki hiyo katika ngazi ya shirikisho mpaka mwaka 1971, na huko Appenzell Innerrhoden ilibidi mahakama ya shirikisho iingilie mwaka 1990. Mwaka 2009 asilimia 57 walipitisha marufuku ya kujenga minara ya misikiti, uamuzi uliowagusa watu wachache wasioweza kuuzuia kwa kura zao. Wengi wanaweza kupiga kura kumdhulumu mchache, na ndiyo maana nchi inahitaji mahakama pia. Tena, katika siku nyingi za kura, wanaojitokeza hawafiki nusu.

Je, wananchi wa Umoja wa Ulaya wanaweza kupendekeza sheria wao wenyewe?

Wanaweza kuiomba Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya, yaani chombo kinachoandaa miswada ya sheria za Umoja, ipendekeze. Mkataba wa Lisbon, ulioanza kutumika Desemba 2009, uliweka utaratibu ambao ulifunguliwa rasmi Aprili 2012: raia milioni moja, kutoka nchi wanachama zisizopungua saba, wakitia sahihi ndani ya miezi 12, wanakuwa na haki ya kusikilizwa na Bunge la Ulaya na kupewa jibu rasmi na Halmashauri Kuu ndani ya miezi sita. Wajibu wa Halmashauri hiyo unaishia kwenye kujibu na kutoa sababu, na haufiki kwenye kutunga sheria.

Hoja ya kwanza kufikia idadi iliyotakiwa ilidai kwamba maji ni haki ya binadamu na yasigeuzwe biashara. Ilikusanya zaidi ya sahihi milioni 1.6, sehemu kubwa zikitoka Ujerumani, na ikawasilishwa mwishoni mwa mwaka 2013. Sheria mpya ya maji ya kunywa, iliyobeba sehemu ya madai hayo, ilipitishwa Desemba 2020, miaka saba baadaye. Hoja nyingine, ya kukomesha ufugaji wa wanyama kwenye vizimba, ilipata karibu sahihi milioni 1.4, na mwaka 2021 Halmashauri Kuu iliahidi kuleta mswada kabla ya mwaka 2023 kwisha. Mwaka huo ulikwisha bila mswada.

Finland ina utaratibu wa kitaifa ulio mwepesi zaidi: sahihi 50,000 ndani ya miezi sita hupeleka hoja moja kwa moja bungeni, na tayari sheria ya ndoa ilibadilishwa kwa njia hiyo, badiliko lililoanza kutumika Machi 2017.

Intaneti imesaidia?

Imesaidia kiasi. Waestonia wamekuwa wakipiga kura kwa intaneti tangu mwaka 2005, na katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura zote zilipigwa hivyo. Barcelona ilianzisha mwaka 2016 programu huria ya kukusanya na kujadili mapendekezo ya wakazi, ambayo miji mingine mingi imeichukua bila kulipa leseni. Lakini kitufe cha kutoa maoni hakimlazimishi mtu yeyote kuyasoma, na anayeshindwa kumudu kifaa au lugha ya mtandao hubaki nje kama alivyokuwa nje ya ukumbi.

Bajeti shirikishi ilianzia wapi, na inagusa fedha kiasi gani?

Ilianzia Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989, wakati meya Olívio Dutra alipowaita wakazi wa mitaa, ikiwemo ya mabanda, kupanga vipaumbele vya maji, mifereji na barabara. Ulaya iliichukua ikaipunguza. Paris ilitenga kuanzia mwaka 2014 takriban asilimia tano ya bajeti yake ya uwekezaji, karibu yuro nusu bilioni hadi mwaka 2020, kwa miradi inayopendekezwa na kupigiwa kura na wakazi. Poland imeiweka katika sheria tangu mwaka 2018: miji mikubwa inalazimika kutenga angalau nusu ya asilimia moja ya matumizi yake.

Kiasi hicho ni kidogo, na mara nyingi huishia kwenye bustani, njia za baiskeli na viwanja vya watoto, wakati maamuzi ya nyumba na usafiri yakibaki kwa madiwani. Jambo moja la Paris linafaa kuangaliwa na wahamiaji: kura hiyo hupigwa na wakazi wote bila kujali uraia, ingawa wale wasio raia wa Umoja wa Ulaya hawana kura ya kumchagua diwani.

Nje ya Ulaya, Afrika Mashariki iko wapi katika mambo haya?

Kwa upande wa sheria, Kenya imekwenda mbali kuliko nchi nyingi za Ulaya. Katiba ya mwaka 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa katika kifungu cha 10, na kifungu cha 118 kinalitaka bunge kuwezesha ushiriki huo katika kazi zake. Mahakama zimeyachukulia maneno hayo kwa uzito: mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufani iliitangaza Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 kuwa kinyume cha katiba, na miezi mitatu baadaye Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 haukufika hata kuwa sheria. Vijana waliufafanua mitandaoni kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaandamana, baadhi yao wakapoteza maisha, na rais akakataa kuutia sahihi siku moja baada ya bunge kuvamiwa mnamo 25 Juni. Wabunge walikuwa wameshapokea maoni ya umma kabla ya hapo, na waandamanaji walilalamika kwamba yalipokelewa yakawekwa kando.

Tanzania ina chombo ambacho Ulaya haina kwa upana huo: mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe, na ambao unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Tatizo lake linajulikana kwa kila aliyewahi kuusubiri: usipoitishwa, au ukaitishwa bila taarifa ya fedha kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, ni nadra mwenyekiti na mtendaji wake kuulizwa.

Tanzania pia ilikuwa na mabaraza ya katiba mwaka 2013. Wajumbe hawakupatikana kwa bahati nasibu bali walichaguliwa katika maeneo yao, wakaijadili rasimu ya kwanza ya tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba. Rasimu ya pili ilibaki na muundo wa serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Bunge Maalumu la mwaka 2014 liliuondoa muundo huo, sehemu ya wajumbe ikasusia vikao, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Aislandi iliyapitia karibu hayo hayo: theluthi mbili ya waliopiga kura waliiunga mkono rasimu iliyoandaliwa na wananchi Oktoba 2012, bunge lao halikuipitisha kuwa katiba.

Watu wa kawaida wanajua nini kuhusu mambo magumu?

Wanajua kidogo mwanzoni, kama ambavyo mbunge mpya naye hujua kidogo. Tofauti ni kwamba baraza limepewa muda wa kusoma jambo moja na wataalamu wa pande zote. Swali zito zaidi ni nani anayewachagua wataalamu hao na nani anayeliandika swali lenyewe, kwa sababu anayeshika ajenda ameshaamua nusu ya jibu. Lingine ni posho: Ufaransa iliwalipa wajumbe wake kwa kiwango cha raia wanaoitwa kuketi kwenye jopo la mahakama, jambo ambalo humwezesha mhudumu wa mgahawa kuhudhuria badala ya kuwaachia viti wastaafu na watumishi wa ofisini.

Mashirika ya kiraia yana nafasi gani?

Mengi ya yaliyotajwa hapo juu yasingewezekana bila chama au shirika la kulipia ukumbi na kuhesabu sahihi. Kwa hiyo serikali inayotaka kupunguza ushiriki huanza na mashirika. Sheria ya Hungaria ya mwaka 2017, iliyoyalazimisha mashirika yanayopokea fedha za nje kujitambulisha hivyo hadharani, ilihukumiwa na Mahakama ya Umoja wa Ulaya mwaka 2020 kuwa inakiuka sheria za Umoja. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana namna sheria za aina hiyo zinavyofanya kazi.

Ninaishi Ulaya na pasipoti ya Afrika Mashariki au Kongo. Nina kura?

Inategemea nchi unayoishi, na wakati mwingine pasipoti uliyonayo. Uingereza huwaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi huko kihalali kupiga kura hata katika uchaguzi wa bunge, hivyo Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kujiandikisha, lakini Mkongo na Mrundi hawawezi. Uskoti na Wales zimekwenda mbele zaidi, kwani mkazi halali wa uraia wowote hupiga kura ya halmashauri na ya bunge la huko.

Ireland humpa kila mkazi mwenye miaka 18 kura ya serikali za mitaa, awe na uraia gani. Uswidi imefanya hivyo tangu mwaka 1976 kwa waliokaa miaka mitatu, na Uholanzi na Ubelgiji kwa waliokaa miaka mitano. Ubelgiji inataka mtu ajiandikishe mwenyewe kwanza, na wengi hukosa kura kwa kutolijua hilo. Ujerumani, Ufaransa na Italia haziwapi kura hiyo watu wasio raia wa Umoja wa Ulaya. Ujerumani ilikuwa karibu kufanya hivyo, lakini Mahakama ya Katiba ilizuia mwaka 1990.

Kama sina kura, kuna njia nyingine ya kusikilizwa na Umoja wa Ulaya?

Ipo, na haitumiki inavyostahili. Kutia sahihi hoja ya wananchi milioni moja ni haki ya raia wa Umoja peke yao, lakini kupeleka ombi kwenye Bunge la Ulaya ni haki ya kila mtu anayeishi katika nchi mwanachama, hata kama pasipoti yake ni ya Burundi. Ombi linaweza kuwa la mtu mmoja au la kikundi, mradi lihusu jambo lililo ndani ya mamlaka ya Umoja na linalomgusa mwombaji moja kwa moja, kwa mfano mazingira, haki za watumiaji wa bidhaa au ubaguzi kazini. Hutumwa kwa posta au kupitia tovuti ya bunge, likiwa na jina, uraia, anwani na sahihi, na kamati ya maombi ndiyo inayoamua kama linapokelewa. Malalamiko dhidi ya taasisi za Umoja zenyewe, kama vile kunyimwa nyaraka au kutojibiwa barua, hupelekwa kwenye ofisi nyingine inayochunguza mwenendo wa taasisi hizo, nayo pia huwapokea wakazi wote.

Ombi liandikwe kwa mojawapo ya lugha rasmi 24 za Umoja wa Ulaya. Kiswahili si mojawapo, kwa hiyo chagua kati ya hizo ile unayoimudu zaidi, na jibu litakujia kwa lugha hiyo hiyo.